Kuchonga ekseli, shafti na sproketi za kigari cha kujiundia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kigari changu kina chesisi ya bomba za mraba, injini ya pikipiki ya cc 150, magurudumu manne ya Bajaji na ekseli moja ya nyuma inayovutwa na cheni. Kinabeba mbolea, mahindi na madumu ya maji. Ekseli iliyomo sasa ni ya tatu. Ya kwanza ilijisokota, ya pili ilikatika, na wengi wanaoniletea maswali wako njiani kurudia mojawapo ya makosa hayo mawili.

Nichonge nini, na nini ninunue?

Chonga kinachounganisha, nunua chenye meno. Injini ya pikipiki inakuja na klachi na giaboksi tumboni mwake, vimeshapimwa, vimeshatiwa ugumu, vinaogelea kwenye oili. Difu (gia zinazoruhusu magurudumu mawili ya nyuma yazunguke kwa mwendo tofauti) la toyo, ile pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, nalo linakuja kamili. Kazi yako ni zile sehemu ambazo hakuna kiwanda kilichowahi kuzitoa, kwa sababu hakuna aliyewahi kufunga injini ile kwenye chesisi hii: ekseli, habu (kitovu) ya kushikia sproketi, yaani gurudumu la meno la cheni, flenji (sahani ya kufungia bolti), vikalio vya beringi, na sahani ya kuunganisha injini na giaboksi kama umechagua njia hiyo. Ukizitazama, zote ni vitu vya duara au vya bapa. Fundi wa lethi (mashine ya kukereza) aliyetulia, drili ya kusimama na mtu anayejua kuchomelea wanatosha.

Kwa nini nisichongeshe gia? Mtaani kwetu kuna fundi anazichonga.

Anazichonga kweli, na kwenye mashine ya kusaga au winchi zinadumu. Kwenye chombo cha moto mambo ni mengine. Ubavu wa jino la gia una mkunjo maalumu ili meno mawili yasukumane kwa mwendo wa sawasawa yanapokutana, na mkunjo ukikosewa kidogo utasikia mluzi siku ya kwanza na kuokota vipande siku ya kumi. Tena jino linatakiwa ngozi yake iwe ngumu na moyo wake ubaki mlaini kidogo ili ustahimili vishindo. Ngozi ya namna hiyo inatoka kwenye tanuri la kulisha kaboni, haitoki kwa kupasha gia kwa gesi na kuitumbukiza kwenye debe la oili chafu. Ukifanya hivyo jino zima linakuwa gumu kama kioo, na linavunjika kama kioo. Wakati huohuo skrepa za Ilala, Dar es Salaam, na Grogan, Nairobi, zimejaa gia nzuri zilizotoka kwenye magari yaliyokufa kwa sababu nyingine.

Ekseli iwe nene kiasi gani?

Hili ndilo swali la kwanza kwa wingi, na watu wengi hulijibu kwa kutazama ekseli ya jirani. Tupige hesabu, si ngumu.

Injini ya cc 150 inatoa kama Nm (newtoni-mita) 12 za nguvu ya kuzungusha. Kabla haijafika kwenye sproketi ndogo, nguvu hiyo imepita kwenye gia za klachi na gia ya kwanza. Kwenye injini nyingi za aina hii hatua hizo mbili kwa pamoja huizidisha kama mara 11. Hapo umefika Nm 132. Sproketi ndogo ikiwa na meno 15 na kubwa 45, unazidisha tena kwa 3. Ekseli inapokea karibu Nm 400. Watu hushangaa hapa, maana wanadhani injini ndogo ina msokoto mdogo. Injini ni ndogo, lakini ekseli inapokea kilichokwisha kuzidishwa mara 33.

Mkazo wa msokoto kwenye ngozi ya shafti ya mviringo ni 16 × T ÷ (3.14 × d × d × d), T ikiwa msokoto kwa newtoni-milimita na d kipenyo kwa milimita. Weka T = 400,000, yaani zile Nm 400. Kwa shafti ya milimita 20 unapata kama 255, kwa 25 unapata 130, kwa 30 unapata 75. Vipimo ni newtoni kwa milimita ya mraba. Chuma laini cha kawaida, hiki mafundi wanachokiita maildi, huanza kujisokota bila kurudi kwenye 140 au karibu na hapo. Kwa hiyo ile ya 20 haifai hata kujaribu. Ya 25 inakaa pembezoni kabisa hata kabla hujaachia klachi ghafla ukiwa na mzigo, na klachi ikiachiwa ghafla nguvu huweza kufika mara mbili.

Ekseli yangu ya kwanza ilikuwa maildi ya milimita 25. Nilikuwa nimechora mstari wa rangi nyeupe kutoka ncha hadi ncha kwa ajili ya jambo jingine kabisa, na baada ya wiki mbili za mbolea mstari ulikuwa umezunguka shafti kama mtambaa juu ya mti. Chuma kilikuwa hakijakatika. Kilikuwa kimeshashindwa kimyakimya.

Tazama pia jinsi unene unavyolipa. Kutoka 25 kwenda 30 umeongeza milimita 5 tu, lakini uwezo wa kustahimili msokoto umeongezeka kwa asilimia 73, kwa sababu kipenyo kinaingia mara tatu kwenye kuzidisha (d × d × d). Ukiwa na shaka, nenda saizi moja juu kabla hujaanza kutafuta chuma cha bei.

Kuna na mzigo wa kupinda. Gurudumu likikaa milimita 100 nje ya beringi na kubeba kilo 150, ekseli inapindwa na kunyooshwa kila mzunguko. Kwa hiyo sogeza beringi karibu na gurudumu kadiri breki itakavyokuruhusu. Ni bure, na inasaidia kuliko watu wanavyodhani.

Nitumie chuma gani?

Kwa ekseli ya kigari kama changu, EN8 ya milimita 30. Ina kaboni kama asilimia 0.4, inakerezeka vizuri, na wauzaji wa shafti za mashine wanaijua kwa jina hilohilo. EN24 ni kali zaidi, ina nikeli, kromi na molibdeni, lakini ina masharti: ukiichomelea bila kuipasha kwanza inaota ufa pembeni ya mshono, na ufa huo huuoni. Kama mchoro wako una mahali popote pa kuchomelea ekseli, kaa na EN8, ipashe kabla ya kazi, tumia vijiti vya 7018 vilivyokaushwa, kisha iache ipoe polepole ndani ya majivu. Afadhali zaidi ni kutochomelea ekseli kabisa.

Usinunue kwa macho. Shafti nyeupe inayong'aa dukani mara nyingi ni maildi iliyovutwa baridi, na mng'ao wake hauhusiani na kaboni iliyomo. Iguse kwenye grainda uangalie cheche. Za maildi ni ndefu na hazina matawi mengi, za chuma chenye kaboni zaidi ni fupi na zinapasuka kama fataki ndogo. Kipimo hiki hakikupi namba, lakini kinamuumbua muuzaji.

Je, ekseli ya gari chakavu? Si ni chuma kikali tayari?

Ni kikali, ndiyo, kwa nje. Ekseli nyingi za magari zimetiwa ugumu kwenye ngozi tu, milimita chache. Ukiikereza ipungue ili iingie kwenye beringi yako, umeitupa ngozi yote sakafuni pamoja na mnyoo wa chuma. Na hujui imepita kwenye mashimo mangapi kabla ya kukufikia. Mimi nazitumia kwa pini na habu. Ila kama utaitumia nzima, pamoja na splaini zake (mifereji ya meno kwenye ncha ya shafti) na flenji yake, bila kuikereza, hilo ni jambo jema.

Ekseli yangu ni nene, chuma ni kizuri, na bado imekatika. Kwa nini?

Tazama mahali ilipokatikia. Nakisia: ni pale unene unapobadilika, kwenye bega la beringi, au kwenye kona ya njia ya kii, kile kipande cha chuma kinachofunga habu kwenye shafti. Sura ya mkato ina sehemu laini yenye mistari ya mawimbi kama mchanga wa ufukweni, na sehemu ndogo iliyoparaganyika. Ile laini ni ufa uliotembea pole kwa siku nyingi. Ile iliyoparaganyika ndiyo dakika yenyewe ya kukatika.

Huo ni uchovu wa chuma, na unazaliwa kwenye kona kali. Mkazo unaopita ndani ya shafti ukifika kwenye bega lililokatwa pembe mraba unajikusanya pale mara mbili au zaidi ya ulivyo kwingine, na kila mzunguko wa gurudumu unaupa ufa nafasi ya kusogea. Ekseli yangu ya pili ilikuwa EN8 ya 30, hesabu zote safi, bega la milimita 35 kwenda 30 likiwa na kona ya ncha kali kwa sababu nilimwambia fundi nataka "kona safi". Ilikatika nikiwa nageuza kigari uwanjani, bila mzigo wowote. Kosa lilikuwa langu, fundi alinipa nilichoomba.

Sasa kila bega lina mviringo wa milimita 2 au 3. Hapo kuna mtego mmoja. Beringi ya 6206, ambayo ni 30 kwa 62 kwa 16, ina kona ya ndani ya milimita 1 tu, kwa hiyo mviringo wa milimita 3 unaizuia isikae kwenye bega. Dawa yake ni pete ya nafasi: kati ya beringi na bega weka pete ambayo kona yake ya ndani imekatwa kwa mshazari. Beringi inakaa kwenye pete, pete inakaa kwenye bega, mviringo unabaki salama chini yake. Pia futa alama za kisu cha lethi kwa msasa mahali hapo. Mkwaruzo wa kuzunguka shafti ni kona kali ndogo.

Kii inatosha kushikilia sproketi, au lazima splaini?

Kwa injini hii inatosha. Shafti ya milimita 30 inachukua kii ya 8 kwa 7, njia yake ikiwa na kina cha milimita 4 kwenye shafti na 3.3 kwenye habu. Nguvu ya Nm 400 kwenye ukingo wa shafti hiyo ni kama newtoni 26,700. Ukiipa kii urefu wa milimita 40, kila milimita ya mraba inakatwa kwa newtoni 83, hali inayovumilika. Ukiipa milimita 15 kwa sababu habu yako ni nyembamba, unaomba kazi ya kuibadilisha mara mbili kwa wiki. Na njia ya kii isiishie kwenye bega, iache umbali.

Splaini ni nzuri kuliko kii, lakini kuzikata kunahitaji mashine ya milingi yenye kichwa cha kugawa na mtu mwenye subira. Kama lazima uwe nazo, kata kipande chenye splaini kutoka kwenye shafti ya asili pamoja na habu yake, ukiunge.

Sproketi kubwa naipataje?

Nunua ya pikipiki, kisha chonga habu ya kuibeba. Hakikisha ni ya cheni ileile. Tarakimu ya kwanza ya namba ya cheni ni hatua ya pini kwa pini katika sehemu za nane za inchi: 428 ina 4/8, yaani milimita 12.7, na 520 ina 5/8, yaani 15.875. Sproketi ya 428 haikubali cheni ya 520 hata ukiibembeleza.

Habu iwe na kidingo cha mviringo kinachoingia bila kucheza kwenye tundu la katikati la sproketi. Kidingo ndicho kinachoiweka katikati. Bolti kazi yake ni kubana tu. Wengi wanaacha kidingo na kutegemea bolti, halafu cheni inakaza na kulegea kila mzunguko na wanadhani cheni ndiyo mbovu. Tumia bolti za daraja la 8.8. Usichomelee sproketi kwenye habu, moto unafika kwenye meno na kuondoa ugumu wake.

Kujua kama cheni imechoka: nyoosha hatua 20 za 428, yaani pini ya kwanza hadi ya 21, ambazo zikiwa mpya ni milimita 254. Zikifika 259 badilisha, pamoja na sproketi zote mbili.

Nahitaji difu, au ekseli moja inatosha?

Inategemea unatembea wapi. Magurudumu ya nyuma yakiwa umbali wa mita 1.2, ukizunguka duara zima lile la nje linatembea mita 7.5 zaidi ya la ndani, iwe duara ni kubwa au dogo. Ekseli moja isiyo na difu inalazimisha tofauti hiyo iishe kwa tairi kuburuzwa. Juu ya udongo na mchanga huisikii sana. Kwenye lami utaisikia kwenye usukani, kwenye matairi, na hatimaye kwenye ekseli, maana kuburuza tairi nako ni msokoto.

Njia rahisi ni kusukuma gurudumu moja tu na kuliacha la pili lizunguke kwa beringi zake. Kigari kitavuta upande kidogo unapoondoka, unazoea. Njia bora ni difu la toyo au giaboksi ya Bajaji, ambayo ina difu na rivasi ndani yake. Kama ningeanza upya leo ningechukua difu la toyo na nusu ya maswali haya nisingekuwa na haja ya kuyajibu.

Propela shafti ya toyo ni ndefu mno. Naweza kuikata?

Unaweza. Kabla ya kukata, chora mstari mmoja ulionyooka juu ya bomba lote ili uma mbili za krosi (viungo vya msalaba vinavyokunjika kwenye ncha za shafti) zirudi kwenye uelekeo uleule. Uma zikipishana, shafti inatetema na hakuna grisi itakayoituliza. Sababu yenyewe: krosi moja ikikunjwa nyuzi 20, upande wa pili hauzunguki kwa mwendo wa sawasawa, unakimbia na kusita kwa asilimia 6 hivi, mara mbili kila mzunguko. Krosi ya pili hufuta kosa la ya kwanza, mradi uma zimelingana na pembe za ncha mbili ni sawa.

Kata kwenye bomba, si kwenye ncha. Weka kipande cha ndani cha kuongoza, shikiza kwa nukta nne, zungusha kwenye lethi huku dayo geji (saa ya kupimia mchezo mdogo) ikigusa bomba, nyoosha kwa nyundo, ndipo umalizie mshono kwa vipande vinavyotazamana. Chini ya shafti funga kitanzi cha chuma. Krosi ya mbele ikifa, shafti inachimba ardhi na kigari kinaruka.

Nina injini ya gari na giaboksi ya gari jingine. Sahani ya kuunganisha ni kazi kubwa?

Kuikata si kazi. Kazi ni kuiweka katikati. Mstari wa krenki (shafti ya injini) na mstari wa shafti ya giaboksi isiachane zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Funga sahani na kengele ya giaboksi (ganda linalofunika klachi) bila giaboksi yenyewe, bandika dayo geji yenye sumaku kwenye flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki), zungusha krenki kwa mkono huku ncha ikipita ndani ya tundu la katikati la kengele. Saa ikicheza 0.20 kwa mzunguko mzima, umekosea 0.10, kwa sababu inasoma mara mbili. Sukuma, pima tena, na ukiridhika toboa matundu ya pini mbili za kulenga kabla hujafungua chochote. Bila pini, kila siku utakayofungua klachi utaanza upya.

Flaiwili yenyewe usiichomelee, hata kwa bahati mbaya. Nyingi ni chuma cha kumimina, na kipande kikiruka kwenye mizunguko 5,000 kinapita kwenye sakafu ya gari.

Kigari kitakimbia kiasi gani?

Tairi la 4.00-8 la Bajaji linatembea kama mita 1.29 kwa mzunguko. Kwenye gia ya mwisho injini ikizunguka mara 12 hivi kwa mzunguko mmoja wa tairi, mizunguko 7,000 ya injini kwa dakika inakupa kilomita 45 kwa saa. Inatosha. Breki kwanza.

Nimwambieje fundi wa lethi?

Usimwambie, mpelekee. Mchoro wenye vipimo vya milimita, beringi zako zenyewe, sproketi yenyewe, kii yenyewe. Neno "iingie kwa kubana" lina maana tofauti kwa kila fundi, lakini beringi iliyo mezani kwake ina maana moja. Kwa beringi ya 30, shafti inapaswa kuwa mikroni 2 hadi 15 juu ya 30. Mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, kwa hiyo mikrometa inahitajika, vernia haitoshi. Ikiteleza kwa vidole bila upinzani, ni legevu, na pete ya ndani itakula shafti. Beringi za UCP206, zile zinazokuja na kikalio chake na skrubu za kubana, zenyewe zimetengenezwa ziteleze, usimlaumu fundi kwa hizo.

Kama ulipo kuna karakana ya SIDO au chuo cha VETA, kaulize huko pia. Kwa Nairobi, Kariobangi hakuna ambacho hakijawahi kuchongwa.

Naweza kukiendesha barabarani?

Changu hakitoki nje ya shamba. Barabarani kinahitaji usajili, TRA kwa Tanzania na NTSA kwa Kenya, pamoja na ukaguzi. Kaulize kabla ya kukata bomba la kwanza, kwa sababu taa, breki na namba ya chesisi ni rahisi kupangwa mwanzoni.

Siku ya kwanza nifanye nini?

Kinga ya cheni iwe imefungwa, hilo halina mjadala. Simika nyuma juu ya vigingi, washa, ingiza gia zote moja baada ya nyingine, sikiliza kila beringi kwa bisibisi iliyogusishwa sikioni. Zima, shika beringi kwa mkono. Vuguvugu ni sawa, ikikuchoma kuna mahali pamepinda. Kisha chora mstari wa rangi kwenye ekseli kutoka ncha hadi ncha, na alama kwenye kila nati. Endesha dakika kumi bila mzigo, rudi, tazama alama, kaza. Halafu nusu saa. Halafu mzigo nusu. Mimi nilitazama mstari wangu kila jioni kwa mwezi mzima, na mke wangu alidhani nimeanza kuzungumza na kigari.